Hukumu ya Uwanja: Ngoma, Uzuri na Siasa katika Usukuma na Geita

Swali la kwanza katika elimu ya uzuri, ambayo wanazuoni wa leo huiita ujumi, laonekana kuwa dogo: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba kitu hiki ni kizuri na kile si kizuri? Mtu asiyefikiri sana hujibu kwamba kila mtu ana jicho lake na sikio lake, na hapana haja ya kubishana. Lakini mambo ya dunia hayakuenda hivyo. Katika nchi nyingi, na katika zama nyingi, haki hiyo iliwekewa mipaka kama shamba la mfalme. Walikuwapo walioruhusiwa kuhukumu, na walikuwapo walioruhusiwa kutazama tu. Na aghalabu mpaka huo ulipoguswa, mpaka mwingine uliguswa pamoja nao, yaani mpaka baina ya wanaotawala na wanaotawaliwa.

Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa nchi moja, nchi iliyo kusini mwa Ziwa Victoria, kutoka Shinyanga na Kwimba hadi Geita. Nchi hii husifiwa kwa dhahabu, almasi na pamba, na sifa hizo ni za haki. Dhahabu ya Geita ilichimbwa katika mgodi mkubwa tangu 1936 hadi 1966, na tangu mwaka 2000 inachimbwa tena kwa mitambo ya siku hizi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Lakini nchi hii ina utajiri mwingine usiopimwa kwa mizani wala kufungwa katika marobota, nao ni desturi ya kushindana kwa ngoma mbele ya watu na kuwaachia watu wenyewe hukumu.

Madai yangu ni haya. Desturi hiyo haikuwa mchezo wa kupumzikia tu baada ya mavuno. Wala haikuwa chombo kilicholala kikingoja mwanasiasa aje akishike. Ilikuwa shule, ambamo watu wasiokuwa na kura walijizoeza kuhukumu hadharani. Na mwaka 1958, huko Geita, serikali ya Mwingereza ilikutana na wanafunzi wa shule hiyo, wala haikujua kwamba shule yenyewe ilikuwapo.

Kabla ya kufika Usukuma yafaa tupite Uyunani, kwa sababu hofu ninayotaka kuizungumza ilisemwa huko kwanza. Plato, katika kitabu chake cha uzeeni kiitwacho Sheria, anasimulia habari za muziki wa Athens. Zamani, asema, nyimbo zilikuwa na aina zake, na kila aina ilikuwa na kanuni zake. Wajuzi walisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu, na watu wengine walinyamazishwa kwa fimbo. Kisha wakaja washairi waliochanganya aina hizo, wakawafundisha watu kwamba kipimo cha wimbo ni furaha ya msikilizaji, awe mtu mwema au mtu duni. Basi umati uliokuwa kimya ukapata sauti. Utawala wa wajuzi katika muziki ukageuka kuwa utawala wa watazamaji. Na jambo hilo, kwa maoni ya Plato, halikukoma katika muziki. Waliojiona wajuzi wa wimbo walijiona wajuzi wa kila jambo. Wakaanza kukataa kuwatii watawala, kisha wazazi na wazee, kisha sheria, na mwisho wakadharau viapo na miungu.

Mtu wa leo aweza kumcheka mzee huyu kwa kuogopa makofi ya watazamaji. Walakini hofu yake ina akili ndani yake. Plato aliona kwamba hukumu ya uzuri na hukumu ya utawala ni ndugu wa tumbo moja. Mtu aliyezoea kusema mbele ya watu, "Hili silipendi," kwa habari ya wimbo, hatachelewa kusema hivyo kwa habari ya amri.

Katika zama zetu wazo hili limerudi, lakini limeshikwa kwa upande wake wa pili. Mwanafalsafa wa Ufaransa, Jacques Rancière, aliyezaliwa Algiers mwaka 1940, alitoa mwaka 2000 kitabu kidogo juu ya mgawanyo wa mambo yanayohisiwa. Fundisho lake kwa ufupi ni kwamba kila jamii imegawa mapema mambo yanayoonekana na yasiyoonekana, watu wanaohesabiwa kuwa wanasema na watu wanaohesabiwa kuwa wanapiga kelele tu. Siasa huanza pale ambapo waliohesabiwa kuwa wapiga kelele wanapoonyesha kwamba walikuwa wakisema. Na sanaa hugusa siasa kwa kuuvuruga mgawanyo huo na kuupanga upya, hata pasipo kubeba ujumbe wa chama. Plato aliuona mvurugo huo kama maradhi. Rancière anauona kuwa ndio uhai wa watu walio sawa.

Sasa twende Usukuma. Wasukuma huita ngoma mbina, na tangu karne ya 19 mbina zao nyingi zimegawanyika katika pande mbili, Bagalu na Bagika. Masimulizi ya nchi yasema kwamba pande hizo zina asili yake katika ushindani wa waganga wawili mashuhuri, Gumha na Ngika. Kila mmoja alidai kwamba dawa zake zazidi dawa za mwenziwe, na hapakuwa na mwamuzi aliyeweza kukata shauri hilo. Wakaamua kushindana kwa ngoma, ili watu waonekane wanavutwa upande gani. Kutoka hapo wafuasi wao walirithi jina, dawa na ushindani.

Mashindano hufanyika baada ya mavuno, hasa kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, wakati mazao yamekwisha kuingia ghalani na njia ni kavu. Pande mbili hupewa viwanja vilivyo karibu, na huanza kucheza kwa wakati mmoja. Kila upande una kiongozi wake wa nyimbo, aitwaye ningi, ambaye hutunga, huimba, hutukana kwa mafumbo na kujibu matukano. Wapo wachezao na majembe katika bugobogobo, ngoma iliyozaliwa katika vyama vya kulima pamoja. Wapo wachezao na chatu. Wapo waliotoka katika chama cha wawindaji wa nungunungu. Kila mwaka huletwa jambo jipya, vazi jipya, mnyama mpya, hila mpya, kwa sababu jambo la mwaka jana limekwisha kuonwa.

Na hakimu ni nani? Hakimu ni umati. Watu husimama katikati ya viwanja viwili, husogea huku, hurudi kule, mpaka upande mmoja unapozungukwa na watu wengi na mwingine unapobaki na wachezaji wake na jamaa zao. Hapo ushindi umekwisha kujulikana, na hapana wa kukata rufani. Ningi anayeachwa na watu haambiwi kwamba ameshindwa, bali huona migongo ya watu.

Tutazame desturi hii kwa makini, maana ndani yake mna mambo matatu. La kwanza, hakimu hakuteuliwa. Hakuwa mtemi, hakuwa mzee wa ukoo, hakuwa mganga. Mtoto wa mkimbizi, aliyefika jana akiwa hana ng'ombe hata mmoja, alikuwa na miguu miwili sawa na mwenye ng'ombe mia. La pili, hukumu ilitolewa wazi. Kila mtu alimwona jirani yake akihama, na jirani alijua kwamba ameonwa. La tatu, hukumu haikuwa ya milele. Aliyeshindwa alirudi nyumbani, akatunga upya, akafanya mazoezi, na mwaka uliofuata alikuja tena kuomba hukumu nyingine kwa watu wale wale. Jambo hili la tatu nitalirudia mwishoni, kwa sababu ndilo lililo zito kuliko yote.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu, alisema kwamba hukumu ya uzuri ina tabia ya ajabu. Husemwa na mtu mmoja kwa hisia yake mwenyewe, na juu ya hayo hudai kibali cha watu wote. Asemaye "chakula hiki chanipendeza" hasumbui mtu. Lakini asemaye "ua hili ni zuri" anawataka wengine wakubali. Katika kitabu dai hilo hubaki dai. Katika kiwanja cha Wasukuma dai hilo hutembea. Mtu anayehama huwaambia wenzake kwa mwili wake: njoni, uzuri uko huku. Wao huja, au hawaji. Mabishano ambayo wanafalsafa huyafanya kwa wino, hapa hufanywa kwa vumbi.

Nasikia msomaji akiuliza habari za dawa. Wasukuma wenyewe hawakusema kwamba watu huvutwa na uzuri peke yake. Walisema kwamba kuna dawa ya mvuto, iitwayo samba, na kwamba kiongozi asiye na dawa ni kama mvuvi asiye na chambo. Je, hili halivunji hoja yangu? Nadhani haliivunji, bali laitia nguvu. Dawa hutengenezwa kwa ajili ya kumshinda yule mwenye uwezo. Ikiwa dawa ya ngoma ilielekezwa kwa umati, basi waganga walijua mahali uwezo ulipo. Wala dawa haikumwondolea mchezaji kazi. Ningi mwenye samba na nyimbo mbovu alichekwa mara mbili, mara moja kwa nyimbo na mara ya pili kwa dawa.

Inasimuliwa habari za Ng'wana Malundi, mchezaji na mganga aliyefariki mwaka 1936, kwamba alikausha miti kwa kuielekezea kidole, na kwamba Wajerumani walimkamata na kumfunga. Mwenye kutafuta ukweli wa miti hiyo na aendelee kutafuta. Mimi naona jambo lingine katika masimulizi hayo: watu walikumbuka kwamba serikali ngeni ilimwogopa mtu wa ngoma. Katika fikira zao, mwenye kuvuta watu na mwenye kutawala watu walikuwa washindani katika kazi moja.

Serikali ya Mwingereza, iliyokuja baada ya Wajerumani, ilikuwa na mgawanyo wake wa wasemaji na wasikilizaji. Msemaji wa watu alikuwa mtemi. Watemi wa Usukuma walikusanywa katika shirikisho moja mwaka 1946, na makao yake yakawa Malya. Kwa njia ya watemi hao ulipitishwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947. Mpango huo ulikuwa na nia ya kuokoa ardhi, lakini ulifika kwa mkulima katika sura ya amri: lima matuta, punguza ng'ombe, lipa faini. Mkulima hakuulizwa. Alitakiwa atazame na atii.

Jambo moja dogo laonyesha mgawanyo huo jinsi ulivyokuwa. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali, mzaliwa wa Austria, aliijua nchi hii kuliko Wazungu wengi wa wakati wake. Mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Mwaka 1956 alitoa kitabu kingine, juu ya sanamu za udongo zitumikazo katika unyago wa makabila ya Tanganyika. Ni kazi za mtu mwenye bidii, na twamshukuru. Lakini tazama: sheria imewekwa katika kitabu kimoja, na sanaa katika kitabu kingine. Sheria ilikuwa mali ya baraza, sanaa ilikuwa mali ya sherehe. Kwamba kiwanja cha sherehe chaweza kuwa baraza, na kwamba hukumu yaweza kutolewa pasipo mtemi kuwapo, hilo halikuwa na mahali katika rafu ya serikali.

Wakati huo huo wakulima walikuwa wakijifunza hukumu katika mahali pengine pia. Pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye mizani yao, na wakulima waliishuku mizani hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito usemwe na mtu wanayemwamini. Kutoka katika shauri hilo la mizani vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 viliunganishwa katika Shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mkuu. Hapa tena twaona swali lile lile la mwanzo: ni nani mwenye haki ya kutamka kipimo? Mkulima aliyezoea kuhukumu ngoma ya jirani yake hakuona sababu ya kunyamaza mbele ya mizani ya mnunuzi.

Chama cha TANU, kilichoanzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kilipata wafuasi upesi katika Jimbo la Ziwa, na serikali ikashtuka. Tangu mwisho wa 1954 hadi 1958 matawi yake yalinyimwa ruhusa katika Usukuma. Kwa hiyo, katika miaka ambayo nchi nyingine za Tanganyika zilikuwa na mikutano ya hadhara, watu wa Usukuma hawakuwa na jukwaa lililoruhusiwa. Walikuwa na ushirika, na walikuwa na ngoma.

Sasa tumefika Geita. Nchi hii asili yake ni ya Wazinza. Tangu miaka ya 1940 Wasukuma wengi walihamia huko, wakitafuta mashamba na malisho, na serikali yenyewe ilifungua mapori yenye mbung'o na kuwahimiza wakae. Mhamiaji huacha nyuma mambo mengi. Huacha makaburi ya wazee wake, huacha mtemi aliyemjua baba yake. Huko aendako humkuta mtemi mwingine ambaye hana kumbukumbu naye. Lakini ngoma haibaki nyuma, kwa sababu imo ndani ya mwili wa mtu. Bagalu na Bagika walifika popote Msukuma alipofika na jembe lake. Katika nchi ya wageni waliokusanyika kutoka kila upande, chama cha ngoma na chama cha kulima vilikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyowaunganisha watu kwa hiari.

Katika wilaya hii serikali ilichagua kujaribu baraza jipya la mseto, ambamo Waafrika, Waasia na Wazungu wangekaa pamoja. Kwa maneno lilikuwa jambo la usawa. Kwa hesabu halikuwa hivyo, kwa maana Waasia na Wazungu wa Geita walikuwa wachache mno, na wenyeji walikuwa maelfu kwa maelfu. Watu walishuku kwamba baraza hilo ni mlango wa kuwapa wageni ardhi yao. Zaidi ya yote walisema kwamba hawakuulizwa. Mwaka 1958 upinzani ulienea wilayani, nao ulibeba pamoja na baraza malalamiko ya zamani ya ng'ombe, matuta na kodi. Katikati ya mwaka huo maelfu ya watu waliondoka Geita kwenda Mwanza, makao ya jimbo, ili wasikilizwe na mkuu wa jimbo mwenyewe. Walikaa huko, wakakataa kutawanyika, mpaka polisi walipowatawanya kwa virungu na moshi wa kutoa machozi.

Serikali ilieleza jambo hilo kwa namna iliyozoeleka: watu wajinga wamedanganywa na wachochezi. Maelezo hayo yaonyesha mgawanyo niliousema. Mkulima hawezi kuhukumu, basi akihukumu, lazima awepo mtu mwingine aliyehukumu ndani yake. Lakini serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imekataza matawi ya chama. Wachochezi walikuwapo, na wanasiasa walikuwapo, hapana anayekana. Walakini maelfu ya watu hawaachi mashamba na kwenda kukaa katika mji wa watu kwa sababu ya maneno ya wachache, isipokuwa maneno hayo yamekuta hukumu iliyokwisha kukomaa.

Sisemi kwamba walikwenda Mwanza wakicheza ngoma. Wala sisemi kwamba mbina ndiyo sababu ya mgogoro wa Geita, maana sababu zajulikana, nazo ni ardhi, mifugo, kodi na baraza. Nasema jambo lingine. Watu wanapochukizwa wana njia nyingi za kuonyesha: hunung'unika, hukimbia, huchoma, husaliti. Watu wa Geita walichagua kwenda pamoja, wazi, mchana, mahali wanapoonekana, na kuonyesha kwa wingi wa miili yao upande waliokuwa. Namna hiyo ya kuhukumu haikuletwa na meli. Ilikuwa imefanyiwa mazoezi kila Juni katika viwanja vya vijiji kwa muda wa karne nzima. Na hukumu yao ilisimama. Baraza la mseto liliachwa, TANU iliruhusiwa, na mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru wake.

Wala Usukuma haikuwa peke yake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha wanawake Dar es Salaam, aliwaingiza wanawake kwa mamia na maelfu katika TANU kwa njia ya vikundi hivyo hivyo vya ngoma. Viongozi wenye elimu ya shule walishangaa kuona wepesi wa kazi hiyo. Hapakuwa na la kushangaza. Vikundi vile vilikuwa na wakuu, michango, nidhamu na ushindani kabla ya chama kuzaliwa.

Baada ya uhuru ngoma iliheshimiwa kwa namna mpya. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipoanza kazi ya urais wa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alisikitikia unyonge wa watu walioona haya kwa ngoma zao, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikundi cha taifa cha ngoma kilianzishwa, na bugobogobo ya Wasukuma ikawa moja ya ngoma zilizojulikana katika nchi nzima. Na kule Bujora, karibu na Mwanza, padri David Clement kutoka Kanada alikuwa amejenga kanisa kwa mfano wa nyumba za Wasukuma, na mwaka 1968 ikafunguliwa makumbusho ya Wasukuma. Mashindano ya ngoma ya Bulabo huko Bujora yamewapa Bagalu na Bagika kiwanja hata katika sikukuu ya Kikristo. Haya ni mema, na mwenye kuyadharau hajui jinsi ngoma ilivyotukanwa kabla yake.

Lakini heshima ina bei yake. Ngoma inapopandishwa jukwaani kumpokea mgeni wa serikali, mambo manne hubadilika. Duara hufunguliwa upande mmoja, na mchezaji humwelekea mkuu. Muda hupunguzwa kutoka siku nzima kuwa dakika chache. Upande wa pili hauwapo, kwa hiyo hapana wa kushindwa. Na mtazamaji hawezi kuhama, kwa kuwa hapana pa kuhamia. Majembe ni yale yale, nyimbo ni zile zile, lakini hakimu ameondolewa. Yule aliyekuwa akihukumu sasa anapiga makofi.

Walter Benjamin, mwandishi wa Ujerumani aliyekimbia utawala wa Wanazi, aliandika mwaka 1936 kwamba ufashisti huipamba siasa kwa uzuri, ukiwapa watu nafasi ya kujionyesha bila ya kuwapa haki zao. Nchi yetu haikuwa nchi ya kifashisti, na mwenye kulinganisha ovyo hupotosha. Lakini onyo la Benjamin lafaa hata kwa serikali njema. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 washairi waliombwa kulieneza azimio kwa watu, na Mathias Mnyampala aliifanyia kazi hiyo sanaa ya ngonjera. Wengi walifanya hivyo kwa imani ya kweli. Na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, vikundi vya muziki vimekuwa sehemu ya kampeni za uchaguzi. Siwalaumu wasanii kwa kuwa na chama, kwani ningi naye alikuwa na upande wake. Nauliza tu kama msikilizaji bado ana kiwanja cha pili.

Hapa yanipasa kukabili shauri gumu kuliko yote, nalo ndilo Plato angeniuliza. Je, umati ni hakimu mwema? Nchi hii hii ya Usukuma imeona vikongwe wanawake wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi, wakati mwingine kwa sababu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jiko. Katika miaka ya 1980 sungusungu walizuka Shinyanga na Tabora ili kuzuia wizi wa ng'ombe, nao walisifiwa kwa kurudisha usalama, na pia walilaumiwa kwa adhabu kali walizotoa nje ya sheria. Wao nao walikuwa watu wa kawaida waliojitwalia hukumu. Mwenye kusifu hukumu ya uwanja na kuficha hukumu hizi ni mwongo.

Jibu langu limo katika lile jambo la tatu. Hukumu ya ngoma hurudiwa mwaka ujao. Aliyeshindwa yu hai, ana ngoma yake, ana jamaa zake, na watu wale wale waliomwacha wana nafasi ya kumrudia. Hukumu juu ya kikongwe hairudiwi. Tena katika kiwanja cha ngoma pande zote mbili zapiga ngoma kwa wakati mmoja, na mshitakiwa ndiye msemaji mkuu, lakini kikongwe hakupewa ngoma. Basi umati haupimwi kwa kuwa ni umati, kama vile mtemi hapimwi kwa kuwa ni mtemi. Hupimwa kwa maswali mawili: je, aliyehukumiwa ana sauti? Na je, hukumu yaweza kubadilishwa? Penye mambo hayo mawili wingi wa watu ni shule ya uhuru. Pasipo mambo hayo ni mvua ya mawe. Plato aliona umati mmoja tu, na Rancière ana mwelekeo wa kumsifu mwingine. Usukuma yatufundisha kuwatofautisha.

Yafaa basi sisi wanafunzi wa fasihi na historia tusahihishe kazi yetu. Tumezoea kukusanya nyimbo na kutafuta ndani yake ujumbe wa siasa: wimbo huu wamtukana mkoloni, wimbo huu wakisifu chama. Kazi hiyo si bure, lakini huacha nje jambo lililo kubwa. Wimbo wa mapenzi, au wimbo wa kumcheka mvivu, ukiimbwa mbele ya watu walio huru kuondoka, waweza kuwa na siasa ndani yake kuliko wimbo wa uhuru ulioimbwa mbele ya watu waliopangwa mistari. Kwa hiyo tunapoandika maneno ya wimbo, tuandike pia watazamaji walikaa wapi, nani alikuwa upande wa pili, na mtu aliyechoka alipita njia gani kwenda nyumbani.

Geita imekuwa mkoa tangu mwaka 2012. Dhahabu yake hupimwa kwa mizani ambayo mwananchi wa kawaida hajaishika, na mashauri ya ardhi, fidia na migodi huamuliwa aghalabu mahali asipokuwapo. Lakini kila mwaka mavuno yakiisha, watu husimama tena katikati ya viwanja viwili. Mwenye serikali, mwenye chama na mwenye mgodi, wote wangefanya vema kwenda kutazama, wasikae katika kiti cha mbele, bali wasimame katika vumbi pamoja na watu, na wangoje kuona miguu itakwenda upande gani.